Mwaka wa Maziwa ya Jioni

Mwezi uliopita tulimzika Mama Anande, kule Akheri kwenye miteremko ya Mlima Meru, nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, mchungaji akafupisha mahubiri kwa kuwahurumia wazee waliokuwa wamesimama, na kwaya ikaimba huku ikijifuta nyuso. Tulipokaa chini ya turubai kungoja chakula, mtu alivuta kiti pembeni yangu, akavua kitambaa cha kichwani kilicholowa chapachapa na kukikamua kwenye nyasi. Alikuwa Upendo. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, tumebaki kutumiana salamu za sikukuu tu, na kwa kitambo nilimtazama bila kuamini macho yangu. "Kumbe na wewe umeota mvi," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Tukacheka, msibani, mpaka mama mmoja wa kwaya akatukata jicho. Kisha ikaletwa loshoro, mahindi na ndizi ndani ya mtindi, na tulipoinua vijiko nilijua kwamba sote wawili tunaufikiria mwaka uleule.

Mwaka ule ukinijia hauji na tarehe wala mpangilio. Unakuja na harufu ya moshi, na ile harufu inakuja na chumba. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Kijenge, mjini Arusha, kwa mama mmoja mjane ambaye mpaka leo silijui jina lake la ubatizo, maana kila mtu alimwita Mama Mwenye Nyumba. Chumbani tulilala mimi na Upendo, kitanda kimoja, godoro limebonyea katikati kiasi kwamba kila asubuhi tuliamka tumegongana vichwa. Sebule ndiyo ilikuwa kampuni. Kulikuwa na jiko la gesi, masufuria makubwa ya kuazima, friji la mtumba lililokoroma kuliko sisi, na ukutani karatasi ambayo Upendo aliiandika kwa kalamu nene jina tulilokubaliana: Kibuyu. Dirisha lilitazama mlima. Asubuhi mapema Meru ulionekana wote, mweusi, karibu mno, na kabla hatujamaliza chai ulikuwa umejifunika tena tukabaki na mabati ya majirani. Nilizoea kuamini kwamba siku ambayo mlima umechelewa kujifunika, biashara itakwenda vizuri. Sikumwambia Upendo, kwa sababu angenicheka.

Wazo lenyewe tulilipata Kwa Mrombo, mbele ya sahani ya nyama choma. Upendo alikuwa amemaliza chuo cha mifugo, mimi nilikuwa na shahada ya biashara iliyolala ndani ya bahasha, na siku hiyo tulikuwa tumeamua kula nyama kama watu wenye kazi. "Hapa kuna kitu kimekosekana," Upendo alisema akitafuna. "Mtindi. Siyo huu wa dukani usio na harufu. Ule wa kibuyu, wenye moshi." Alikuwa mtu wa Singida, lakini alipokuwa akisoma Tengeru alikunywa mtindi wa huku na akawa hana la kusema tena juu ya mtindi wa kwao. Jamaa wa meza ya jirani, aliyekuwa akila peke yake, aligeuka. "Dada," alisema, "ukiuleta huo hapa mjini mimi nauza hata shati." Hakutujua, wala hatukumwona tena. Neno lake tulilibeba mpaka nyumbani, tukalijadili kitandani, na kulipokucha tulikuwa na kampuni.

Huku kwetu mlimani kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kaa la moto. Kijiti cha mzeituni wa porini huchomwa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu, majivu yakakung'utwa, ndipo maziwa yakamiminwa na kuachwa yagande. Mtu aliyekunywa mtindi huo utotoni haponi. Mjini walijaa watu wasiopona, makarani, mafundi, walimu, na sisi tuliota kuwatibu kwa vichupa vidogo. Tulichemsha maziwa, tukayapooza, tukazifukiza keni za maziwa kwa vijiti vilevile, na sebule ikajaa moshi mwembamba wa buluu uliotembea taratibu kuelekea chumbani na kulala kwenye nguo zetu. Mama Mwenye Nyumba alipiga mlango. "Mnachoma nini humo? Nimepangisha mabinti, sikupangisha tanuri!" Upendo alimpa kikombe. Mama yule alikunywa akiwa amesimama mlangoni, akaangalia ndani ya kikombe kilichokwisha. "Basi fungueni madirisha," akasema, na hakuwahi kulalamika tena isipokuwa alipotaka kingine.

Mtaji ndio ulionifunza watu. Kwetu hakuna anayemnyima mtu mchango wa harusi. Afadhali akope atoe. Nikawaza, kampuni nayo si inaanza maisha? Nikachapisha kadi za mchango, zenye maua pembeni, nikazigawa kwa ndugu. Mjomba wangu aliifungua yake, akaisoma, akaigeuza nyuma kutafuta jina la bwana harusi. "Sasa hapa anayeoa ni nani?" aliuliza. Nikamweleza kwamba hakuna anayeoa, ni kampuni ya maziwa. Akaifunga kadi kwa upole. "Maziwa hayana posa, mwanangu. Lete mchumba, uone tutakavyochanga." Wiki ileile alichangia send-off ya binti wa jirani ambaye hata jina lake alilikosea alipotoa hotuba. Nilikasirika sana wakati ule. Siku hizi mimi mwenyewe nimechangia harusi ambazo sizikumbuki, na vijana wanaoniletea habari za biashara nawaambia nitawafikiria, kwa hiyo tuyaache. Mwishowe niliuza kompyuta yangu. Upendo yeye alitoa kitu kikubwa zaidi: serikali ilikuwa imempangia kazi ya afisa mifugo, mbali, Rukwa, na siku ya mwisho ya kuripoti ilipofika alikuwa Kijenge akikoroga sufuria. Baba yake alipiga simu. Upendo aliishika kwa bega na sikio, mwiko mkononi. "Shikamoo baba. Ndiyo baba. Nimeelewa baba." Alipokata alinitazama. "Amesema nimetupa mkate nikashika kibuyu." Tulicheka mno. Baadaye alitoka nje kuanika vitambaa, akakaa huko muda mrefu kuliko vitambaa vilivyohitaji, na nilimwacha.

Miezi ya mwanzo naikumbuka kama mtu anavyokumbuka usingizi mtamu, bila kujua ulianzia wapi. Jioni tulipanda Akheri na bodaboda ya kukodi, keni zikigongana nyuma yetu, na kwa Mama Anande tulipokea maziwa. Mama Anande alitupa banda lake la kahawa lililokuwa wazi pande mbili, kando ya barabara, bila kutuuliza kodi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Kina mama walishuka kutoka mlimani mmoja mmoja ndani ya ukungu. Kwanza ungesikia vicheko, halafu ungeona kanga, halafu keni ndogo na vibuyu. Upendo alipima kwa kipimo chake, mimi nililipa mkononi, na kila mmoja alikaa kidogo kupumzisha miguu. Palinukia migomba iliyolowa na moshi wa majikoni. Waliongea Kimeru haraka kuliko Upendo alivyoweza kufuata, nami nikawa namtafsiria yale ya heshima na kumnyima yaliyobaki. Tuliporudi mjini mikono yetu ilikuwa ya baridi, na tulikula makande ya Mama Mwenye Nyumba huku maziwa yakipanda moto. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilikuwa na viatu vya jozi moja na sikuona tatizo.

Kisha vichupa vikaanza kuisha asubuhi. Wenye majiko ya nyama Kwa Mrombo walitaka zaidi, maduka yalitaka zaidi, na hoteli moja ya watalii ikatuma mtu kuuliza. Ndipo akaja mwekezaji, rafiki wa mwalimu wangu wa chuo, mtu mstaarabu mwenye viatu vilivyong'aa hata msimu wa matope. Kila baada ya sentensi mbili alitaja dira ya kampuni, tukamwita Bwana Dira, kwa siri. Alituletea tangi la kupoozea maziwa, likafungwa pale bandani kwa Mama Anande, na alitaka kitu kimoja tu: mikataba, iliyosainiwa na wenye ng'ombe, na malipo yaende kwenye simu zao. Hilo lilionekana jambo la busara. Tukaitisha mkutano wa wenye ng'ombe baada ya ibada ya Jumapili, na wenye ng'ombe wakaja, yaani kina baba, wamevaa makoti yao ya kanisani. Walijadili bei kwa furaha, wakasaini kwa maziwa ya asubuhi na ya jioni. Wake zao walikuwa upande wa pili wa uwanja wakigawa chai. Mmoja alituletea vikombe, akaangalia karatasi zilizokuwa mezani, akatukaribisha chai, akaondoka.

Mwezi haukuisha kabla maziwa hayajaanza kupungua. Ya asubuhi yalikuja kama kawaida. Ya jioni yalikuwa yakija kidogo, halafu kidogo zaidi, na tangi kubwa likabaki likinguruma na maziwa ya kulowesha sakafu yake tu. Kina baba waliapa kwamba ng'ombe wanakula vizuri. Upendo alipanda mlimani kwa miguu, boma kwa boma, akapima joto la ng'ombe, akakagua viwele, akaonja maji ya visimani, asipate ugonjwa wowote. "Ng'ombe wana afya kuliko mimi," aliniambia. "Na ndama wa huku sijapata kuona walivyonenepa." Bwana Dira alitupa mwezi mmoja tu wa kulijaza tangi lake, la sivyo ataliondoa. Hoteli ilitafuta mtu mwingine. Usingizi wangu mtamu ukaanza kunitoka, na Upendo akaacha kuimba alipofukiza keni.

Siku moja mvua ilinikamata Akheri mchana, nikaingia kwa Mama Anande kujikinga. Sebuleni hapakuwa na mtu. Nilikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, miguu nimeichomoa kwenye viatu, na usingizi ukanijia kwa sauti ya mvua kwenye mabati. Jikoni, nyuma ya ukuta wa mbao, kina mama walikuwa wakimenya ndizi na kuongea. "Ndama wangu siku hizi hataki nyasi," mmoja alisema kwa Kimeru. "Ale nyasi za nini? Ananyonya mpaka anacheua." Mwingine akadakia: "Wangu ndiyo usiseme. Baba watoto anadhani ni ile dawa ya minyoo." Wakacheka mpaka nikasikia kisu kikianguka. Halafu sauti ya Mama Anande, taratibu, bila kicheko. "Maziwa ya asubuhi ni ya boma, sikatai. Ya jioni ni chumvi yangu na sabuni yangu na daftari za watoto. Mama yangu aliyashika hivyo, na mama yake. Sasa yanaingia kwenye simu ya baba. Leo mimi nikaombe chumvi?" Niliwasikia wakiendelea kumenya.

Jambo hilo nililijua tangu utoto. Nililijua kama ninavyojua njia ya kwenda kisimani, na labda ndiyo maana halikupita kichwani mwangu kama jambo la kuandikwa kwenye karatasi. Nani anaandika njia ya kisimani? Nilirudi Kijenge nimelowa, nikamkuta Upendo anasonga ugali, sufuria ndogo ya mboga ya mnafu pembeni. Nikamweleza. Aliacha kusonga. "Kwa nini hawakutuambia?" aliuliza. "Waseme lini?" nikamjibu. "Mkutano tuliuita wa wenye ng'ombe." Alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kucheka, kisha nikaona kwamba si kicheko kitupu. "Niliwaandika ndama wale kwenye ripoti ya Bwana Dira," alisema. "Niliandika: hali ya ndama, bora sana." Tulikula ugali ulioungua upande mmoja na kukubaliana kwamba maziwa ya jioni yarudi kwa wenyewe, kwa mkataba wao, kwa mikono yao. Kesho yake nilikwenda kwa Mama Anande. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umekuja na jua leo." Nikamwambia nimesikia habari za ndama. Hakustuka. Alinitazama, akanimiminia chai, akasema, "Basi leta hizo karatasi. Lakini usiwaite watu kanisani. Waite hapa, jikoni."

Bwana Dira alitupokea ofisini kwake, karibu na Mnara wa Saa, akatuagizia chai. Alitusikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. "Mabinti zangu," alisema, "mimi nasaini na mwenye mali. Mama akigombana na mumewe kesho, tangi langu litajazwa na nani?" Upendo ndiye aliyekuwa akiogopa kumpoteza kuliko mimi, njia nzima alikuwa akinisihi nitumie maneno laini. Aliweka kikombe chini. "Na mpaka sasa, mzee, limejazwa na nani?" Bwana Dira aliinuka. Alitupa mkono wa kwaheri sote wawili, akalipia chai, na baada ya siku chache lori likaja Akheri kulichukua tangi. Kina baba walisimama barabarani kulitazama likiondoka. Bila tangi hatukuweza kupokea maziwa ya asubuhi, yasingefika salama kwenye joto la mchana, kwa hiyo mikataba yao ikafa siku hiyo. Ilibaki ile ya jikoni, iliyosainiwa kati ya maganda ya ndizi, nyingine kwa dole gumba. Jioni hiyohiyo ndama wa Akheri walirudi kwenye nyasi.

Maziwa yalirudi, mazuri, yenye mafuta. Lakini yalikuwa nusu. Tulipiga hesabu kila mmoja kivyake, kila mmoja akitumaini mwenzake amekosea, na zote zilisema jambo moja: Kibuyu kinaweza kulisha mtu mmoja. Kwa siku nyingi hakuna aliyelitamka. Tulikuwa wapole kupita kiasi, tukipishana mlangoni kama wageni, kila mmoja akimwachia mwenzake kipande kikubwa cha ndizi. Wakati huo wilaya moja kulekule Rukwa ilikuwa inatafuta tena maafisa mifugo, na wadogo zake Upendo walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Hakunificha. Aliomba, akapata, akaniambia tukiwa tunaosha vichupa. "Niende mimi," nilisema. "Wewe ubaki." "Uende kufanya nini?" akauliza. "Wewe hujui kutibu hata kuku." Nilimwambia kampuni ni yake kuliko yangu. Alitikisa kichwa. "Kina mama mpaka leo wananikaribisha chai kama mgeni. Wewe wanakugombeza. Kampuni ni ya anayegombezwa."

Siku zilizobaki alinifundisha. Alifumba macho akaninyooshea mkono na kunitaka nimdondoshee maziwa kwenye kifundo cha mkono, aseme bado au tayari, mpaka nijue ni kwa joto gani yanafaa kutiwa mgando wa jana. Alinifundisha kunusa keni kabla ya kuijaza. Alinigombeza, nami nikafurahi. Sebule ilijaa moshi ule wa buluu na tuliongea humo kama watu wanaoota ndoto moja, tukipanga vichupa vya mwaka ujao, lebo mpya, gari dogo lenye jina letu ubavuni, kana kwamba begi lake halikuwa limefungwa pale mlangoni. Asubuhi ya kuondoka alikataa nimsindikize. "Nikikuona stendi sitapanda," alisema. Alimkumbatia Mama Mwenye Nyumba, akanikumbatia mimi, akashuka ngazi. Mlima ulikuwa wazi. Zamani saa kama ile ningekuwa mbioni kwenda kupokea maziwa ya asubuhi. Sasa nilikuwa na asubuhi nzima na sikujua niifanye nini. Nilifua shuka ambazo zilikuwa safi.

Jioni nilipanda Akheri peke yangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye barabara, na kina mama wakatokea mmoja mmoja, vicheko kwanza, halafu kanga. Nilipima. Mara mbili nilimwaga. Mama Anande alikuwa wa kwanza kuuliza. "Mwenzako yuko wapi leo?" Nikamjibu bila kuinua uso kutoka kwenye keni. "Amekwenda kazini, mama." Aliangalia banda, ndoo zilizojaa, sakafu iliyolowa, foleni ya wanawake iliyokwenda mpaka barabarani, kisha akaniangalia mimi. "Kazini?" alisema. "Kumbe hapa tulikuwa tunafanya nini?"

Nililia palepale, kipimo kikiwa mkononi. Nilimlilia Upendo, na baba yake aliyekuwa amefurahi kwamba binti ameushika mkate tena, na ule mwaka wote ambao hata mimi sikuwahi kuupa jina lake. Hakuna aliyenibembeleza. Walisimama kwenye foleni yao, keni zikiwa chini, wakaniacha nimalize. Kisha Mama Anande akanimiminia maji mikononi, nikanawa, nikapokea maziwa yake.